Makali kwa Upepo

Baba alikuwa fundi wa mapaa, Nyalenda.
Saa tisa, upepo wa ziwani unapoamka,
alinipa bati nipande nalo ngazi
nami nikalibeba kama picha ya harusi,
uso wake mbele.
Upepo ukanitupa kwenye karo la jirani.
Hakucheka. Alisema: Khavere, ligeuze.
Upepo upe makali, usiupe uso.

Darasa langu ndilo hilo. Chuo kilikuja baadaye
kikaongeza majina:
rafadha, kitovu, gavana, pembe ya bapa.

Odembo, shika hapa. Mabapa haya matatu hayakugandishwa.
Kila moja hugeuka kwenye shina lake
kama mkono unaogeuza kiganja.
Mafuta ya injini, yakisukumwa na gavana,
huyalaza: pembe ndogo,
yang'ate hewa kidogo kidogo, haraka haraka,
ndivyo ndege inavyoondoka chini.
Na humo ndani kuna springi nene kama kifundo cha mguu wangu
inayotaka kinyume chake maisha yake yote.
Mafuta yakiishiwa nguvu, springi inashinda.
Aliyebuni alijua jambo:
kinachokuokoa kisikitegemee kilichokufa.

Jumatano nilikifunga kitovu cha kushoto kwa mikono hii.
Alhamisi Rubani Jepkemboi akaondoka nacho,
vifaranga mia nane wa siku moja, safari ya Lodwar.
Nilikuwa nje na kikombe cha uji.
Injini, mtu wa kazi haisikii
mpaka ibadilishe sauti.
Juu ya maji, futi mia nne labda, ya kushoto ikakohoa,
na pua ya ndege ikaenda kushoto
kama ng'ombe aliyevutwa kamba.

Injini ikifa, rafadha haina habari.
Inazidi kuzunguka, ila sasa upepo ndio unaoizungusha,
na duara zima limekuwa bati la utoto wangu,
uso mbele,
na ya kulia inalia peke yake ikivuta msiba na waliobeba.

Najua alichofanya, maana tulikikariri pamoja
mpaka mumewe akatuchoka:
mguu uliolala ndio injini iliyolala.
Wa kulia unakanyaga kwa nguvu zote, wa kushoto hauna kazi;
basi ni kushoto. Hakikisha.
Rudisha wenzo wa nguvu taratibu. Hakuna kilichobadilika? Ndiyo yenyewe.
Kisha wenzo wa rafadha, nyuma kabisa, upite kile kizuizi.
Na upesi, Odembo, upesi:
kuna pini humu, mizunguko ikishuka mno zinajifunga,
na mabapa yatabaki uso mbele mpaka majini.

Nilihesabu.
Nne. Tano. Ule ukungu wa duara ukaanza kuwa na vipande.
Sita, vikawa vitatu.
Yakasimama.
Membamba, makali kwa upepo;
ungetazama kutoka mbele ungesema hayapo.

Ndege haikupaa, sikudanganyi. Iliacha tu kuzama.
Ikainamia kidogo upande wa iliyo hai,
kama mtu anayesikiliza kwa sikio moja,
ikazunguka upande wa Kisian, ikarudi.

Ilipotua na ya kulia ikazimwa
tukasikia vifaranga, wote kwa pamoja,
kana kwamba ndio walioendesha.
Jepkemboi alishuka, paja la kulia linatetemeka,
akaketi kwenye gurudumu, akauliza kama uji umebaki.
Kikombe nilikuja kukikuta jioni
juu ya gari la zimamoto; nani alikiweka, sijui.
Mwenye vifaranga alifika na daftari.
Sita wamekufa, ya joto tu, lakini akataka alipwe.

Mimi nilikwenda kushoto.
Mafuta meusi yametapakaa ubavu mzima.
Nikaweka kiganja kwenye bapa. Baridi.
Nikalisukuma kwa nguvu.
Halikukubali.

Haya, leta spana. Ile ndefu.
Tunafungua tena, tuone springi yangu inasemaje.