Chupa Mbili

Dakta Igarashi kanipa chupa mbili zisizo na jina:
ya kifuniko cheupe, mkono wa kushoto,
ya kijivu, wa kulia. Moja dawa,
nyingine maji yenye harufu ya dawa.
Ipi ni ipi, hata yeye hajui. Aliapa, akacheka,
kisha akanipaka iodini viganjani
na kunyunyiza wanga juu yake.

Tukangoja. Nukta moja. Nukta kumi.
Halafu weusi wa zambarau ukachomoza kwa pupa
kama usiku uliochelewa kazini.
Muuguzi Urabe akapiga picha, akapima karatasi
kabla na baada ya kuikamata.
"Mengi," akaandika.
Sikuhitaji mizani kuniambia.

Kazi yangu ni dhahabu. Hapa Kanazawa tunaifua
hadi jani lake, ukiliinua dirishani,
linapitisha mwanga wa kijani.
Nalishika kwa koleo la mianzi, na bado
tone moja likiteremka, jani zima hujikunja,
hung'ang'ania kidole gumba, halibanduki.
Kuna watu wanaokula jasho lao.
Mimi langu linanila.

Mama alikuwa hivi hivi.
Daftari zangu za shule zina mawimbi
kila alipotia sahihi.
Bahati yake, kwetu watu huinama,
hawapeani mikono.
Alizikwa na siri yake, imelowa.

Wiki ya pili, hakuna kitu.
Ya tatu, Jumanne, kitasa cha karakana hakikuteleza.
Nilisimama nje, theluji ya majimaji ikiniingia shingoni,
nikikizungusha, nikikirudisha, nikikizungusha,
hadi mzee Tatsukawa akauliza toka ndani
kama nimerukwa na akili.

Lakini ulikuwa wa kushoto.
Mkono wa dhahabu ni wa kulia, nao ulipewa maji.
Basi nikamfundisha kazi huyu mkavu, huyu mgeni.
Majani yakachanika, ila kwa ujinga, si kwa jasho.
Ujinga unatibika.

Fomu inauliza: jasho linakuudhi kiasi gani,
moja hadi nne?
Kushoto, moja. Kulia, nne.
Haiulizi kuhusu Kozue, miaka sita,
aliyenishika mkono tukivuka barabara,
akauachia katikati ya mistari myeupe,
akazunguka upande wa pili:
"Huu ndio wako."
Niliitafuta nafasi ya kuliandika hilo.
Nikaandika tarehe.

Siku ya arobaini na mbili walichukua chupa zote,
wakapima hata kilichobaki.
Majibu mwakani, alisema Dakta,
akainama. Nikainama.

Siku ya nne baadaye kitasa kiliteleza.
Nikabadilisha mkono. Kikateleza.
Safari hii mzee Tatsukawa hakuuliza neno.
Nilisikia kandambili zake zikija,
akanifungulia.