Sekunde Arobaini na Moja

Ndiyo, afande, kiganja hicho ni changu.
Kovu la panga kwenye dole gumba unaliona mwenyewe
linapita mbele ya kioo. Kisha giza.
Hukukosea hesabu: sekunde arobaini na moja.

Ulitugawia vijicho hivi mwezi wa Rajabu,
pale uwanjani kwa Zimamoto, Wete,
kila mtu na chake, na namba, na sahihi.
Ukasema visizimwe, visizibwe, vikae kifuani.
Sharifu akanong'ona: kikulacho ki nguoni mwako.
Ukamsikia. Ukacheka, kidogo.

Basi tazama.
Mtambwe, saa tano kasoro, msimu umekolea,
karafuu zimeanikwa majamvini hadi ukingo wa njia,
gari letu likazipanda, na hakuna aliyeguta.
Hilo limo.
Limo tawi lililokatika, jeupe ndani kama mfupa,
kimo kigoe, bado kinaning'inia juu,
imo pishi iliyomwagika.
Harufu ya makonyo haimo.

Na Faki wa Mbarouk, chali,
miguu imeelekea kusiko kwake,
msuli umemvuka.
Watoto wa chuoni wamekwea ukuta.
Mama mkwewe yuko hatua tatu.

Mkono wangu wa kulia ulikuwa shingoni mwake, unazuia;
ningeuondoa, tusingekuwa na la kuzungumza.
Sharifu kakimbilia kwa wanawake kuomba kanga.
Nikabaki na mkono mmoja.
Macho ya watu, afande, siyawezi,
lakini macho ya watu hupepesa,
yana haya, yana usingizi, yatakufa.
Hili lako halipepesi.
Nikaliziba.

Arobaini na moja: ndio mwendo wa kanga
kutoka kiunoni kwa mtu mpaka kwa mgonjwa.
Maandishi yake sikuyasoma.

Umeandika kwa wino mwekundu: *sehemu hii ni tupu, ikatwe.*
Hukuongeza sauti.
Mimi nilikuwepo, na mpaka leo sijaithubutu.
Mle gizani alivuta pumzi mara mbili,
akasema, taratibu, kama anayehesabu pesa:
kwa Shaame, pishi kumi na mbili, hajanipa.
Akasema, Mize.
Kisha shahada, nusu yake
kwa sauti, na nusu
Mola anajua.

Shaame anasema hakudaiwa kitu.

Jana Mize katoka eda.
Kaja mpaka dirishani kwetu, na mwanawe wa kidato cha pili
amjazie fomu.
Penye *Unataka kuona nini?* kaandikisha:
*Sitaki kuona. Nataka kusikia.*
Fomu haina nafasi hiyo. Karani kairudisha.

Kanuni nimeivunja, leta kalamu.
Nikate mshahara, nipeleke bandarini nikalinde mapipa,
mvue Sharifu kofia kwa mdomo wake.
Lakini giza lile, afande, usilikate.
Mna mtu mle.