Kinachokula Usiku

Siku ya kwanza hukohoa, likawaka.
Siku ya pili huguna kama mtoto anayeamshwa kwenda shule.
Siku ya tatu, kliki.
Kliki moja tu, kavu, ganda la njugu lisilo na kitu,
na ukungu wa Newala umelala juu ya boneti,
haujali.

Kresta yangu ni otomatiki, haisukumwi.
Basi nimekuwa mwombaji wa alfajiri:
jirani, nishtue; jirani, waya unazo?
Niliilaumu betri ya kwanza, nikanunua ya pili.
Laki moja na themanini. Ya pili nayo ikafa
Jumatano, kimyakimya, palepale chini ya dirisha.

Bi Somoe wa nyumba ya tatu aliliangalia gari
kwa jicho la mtu aliyekwisha kujua:
"Hiyo chuma ulete. Senti wamezichoka,
sasa wanavuta umeme."
Nilicheka.
Usiku nikatoka na tochi, nikazunguka magurudumu.

Aliyekuja ni Asumini binti Namtula,
kofia ya sufu hadi masikioni, mita ya njano kifuani.
Alilegeza nati ya hasi, akainua waya,
akaiweka mita katikati, baina ya waya na betri.
"Kila kinachotoka kitapita kwangu kwanza,
kama gunia kwenye mizani ya chama."
Akausukuma ulimi wa mlango kwa bisibisi, kra,
gari likadhani limefungwa na wenyewe wameondoka.
"Ufunguo weka mbali. Ukiwasha sasa utaniunguzia mita.
Tusubiri. Lisinzie kwanza."

Tukasubiri. Fadina akaleta chai na mihogo.
Nusu saa nzima watu wazima tunalinda usingizi wa chuma.
Kwenye kioo cha mita: sifuri nukta nne tatu.
Haikushuka.
"Hapo," akasema, "kuna mtu yuko macho."

Halafu fyuzi. Mojamoja, kwa koleo dogo,
kama anayemng'oa meno mgonjwa anayempenda.
Ya honi: nne tatu.
Ya redio: nne moja. Akairudisha.
Ya wipa, ya feni, ya kile kiberiti
ambacho hakuna aliyewahi kuwashia sigara:
nne tatu, nne tatu, nne tatu.
Ya taa za ndani,
mita ikaanguka kama ndoo iliyokatika kamba:
sifuri nukta sifuri mbili.

Taa za ndani? Zote zimezimwa, nilisema, tazama.
Hakutazama juu. Alipiga goti kwenye kiti cha abiria,
akapitisha kidole penye ufa wa droo ya dashibodi,
akanigusisha shavuni.
Kidole kilikuwa na joto.

Humo ndani balbu isiyozidi ncha ya kidole
ilikuwa inawaka.
Droo haikufika mwisho, swichi haikubonyea,
kwa sababu ya karatasi: stakabadhi za ghalani,
misimu mitatu, kilo na gredi na mihuri,
korosho zilizopimwa, pesa "ziko njiani",
ada ya Zaituni, deni la salfa kwa mwandiko wa muuzaji,
vyote nilivyovisukumiza humo nisivione.
Kumbe kila usiku, mimi nikikoroma,
palikuwa na taa inavisoma.

Asumini alisugua vichwa vya betri kwa brashi ya waya,
unga wa kijani ukamwagika, akaikaza hasi.
Elfu kumi na tano.
Na ile sifuri mbili iliyobaki?
"Saa hiyo. Iache nayo ile."

Leo siku ya nne. Limewaka kwa mguso mmoja.
Droo imefungwa, tak.
Karatasi ziko mezani, zimekandamizwa na kikombe,
na Fadina ameshavaa miwani.