Mwari wa Sagara

Nilikwenda Usinge kupiga pasipoti za darasa la saba,
shuka la buluu ukutani kwa misumari miwili.
Kidevu juu. Masikio yaonekane. Usicheke.
Nne kwa elfu tatu.
Bukuru, mtoto wa Kalunde, hakuwa na elfu tatu,
akaenda zake ziwani.

Saa kumi, betri imebaki kijipande,
nikateremka Sagara kunawa vumbi la chaki.
Ndipo nikamwona mwari,
peke yake juu ya mtumbwi uliopinduliwa,
mdomo umelala kifuani
kama panga lililorudishwa alani.

Sijawahi kumpiga asiyelipa.

Nikapiga goti topeni. Akatikisa kichwa: ukungu.
Nikasogea. Akanipa mgongo.
Nikazunguka matete, maji yakaingia kiatuni,
akageuka tena, polepole,
kama aliyekwisha kufundwa.

Mama yangu, kule Ujiji, alikuwa kungwi.
Chumba cha uani, pazia la kaniki,
nami mtoto wa kiume jicho kwenye tundu la ufunguo
mpaka kofi liliponikuta:
"Mwari hatazamwi!"
Nilikua nikidhani ni mmoja tu mwenye jina hilo.

Kalunde alikuwa akipaa perege, magamba hadi kwenye viwiko.
"Ananiibia kila siku," akasema,
"na leo wewe unampigia magoti?"

Basi ndege akapiga mwayo.
Mfuko wa koo ukatanuka, jua likapenya ngozi,
nikaona mishipa imetawanyika humo
kama Malagarasi na vijito vyake kwenye ramani ya darasani,
na kidole changu,
kidole cha miaka kumi na tisa ya kazi,
kikasahau kubonyeza.

Akaruka. Miguu ikayakanyaga maji, mara tatu, mara nne.
Hapo ndipo nilipobonyeza. Kamera ikazima.

Usiku, Kaliua, umeme uliporudi, nikafungua.
Mwari hayumo.
Yamo maduara ya maji, ncha ya unyoya pembeni,
na nyuma kabisa, ambaye sikumwona,
Bukuru, ziwa likimfika kiunoni,
buluu tupu nyuma yake,
kidevu juu, masikio yote mawili,
akimfuata ndege kwa macho.

Nikamkata papo hapo. Nikatoa nne.
Zimeondoka na basi la alfajiri, ndani ya bahasha ya khaki.

Mwalimu mkuu atasema mtoto anacheka.
Mwambieni anipigie.