Mkwaju Mmoja

Kyimo hakuoti mkwaju. Baridi haiutaki.
Ukwaju huja kutoka mabondeni, umefungwa kwenye nailoni,
ukauzwa kando ya tangawizi.
Mkwaju ninaoutumia mimi ni ule mwingine,
kijiti kilicholala upande ndani ya mabano,
kinachoiambia rangi: hapa basi, rudi nyumbani.

Kompyuta ya kituo cha maziwa ni kongwe,
haina picha wala vitufe vya kubofya,
ni weusi tu, na herufi nyeupe zinazochuruzika
kama maziwa kwenye ukingo wa dumu.
Mwezi wa nne niliamua kuipaka.
Kila neno nikalishonea vazi lake:

     [kijani]yamepokelewa[/kijani]
     [njano]yapimwe tena[/njano]
     [nyekundu]yamekataliwa[/nyekundu]

Mabano yakishafanya kazi hayaonekani,
hung'olewa kama uzi wa bandi
fundi akimaliza gauni.

Nilifurahi kijinga. Nikanenepesha majina,
nikafifiza tarehe, jumla nikaipigia mstari,
nikataka hata kitu kimete.
Anyosisye akasema kikimeta tu, anazima mashine.
Yeye ndiye karani. Hupima, husoma, humimina.

Usiku ule umeme ulikatika mara mbili.
Nilikuwa nimefungua nyekundu kwenye jina la Subilaga,
ambaye ng'ombe wake alikuwa bado kwenye sindano,
nikaenda kutafuta mshumaa,
nikarudi,
nikaendelea na mstari unaofuata.

Saa kumi na moja alfajiri, madumu arobaini na moja,
ukungu hadi kwenye kizingiti.
Subilaga, nyekundu. Sawa.
Na aliyemfuata. Na wa baada yake.
Hakuna aliyeiambia rangi irudi nyumbani,
ikateremka orodha nzima kama tope la masika,
ikafika kwenye jumla, ikafika kwenye tarehe,
ikafika hadi kwenye "Karibu tena kesho".

Anyosisye hakushtuka. Aliendelea kumimina.
Ndipo nilipojua: kwake kijani na nyekundu
ni kitu kimoja, rangi ya jani kavu la mgomba.
Muda wote huo alikuwa akisoma maneno,
mavazi yangu hakuwahi kuyaona.

Walioona ni wa dirishani.
"Leo wote tumetia maji?" akauliza Tupokigwe,
wakacheka, mtu akasema ng'ombe wamenyeshewa.

Mwakipesile hakucheka.
Tangu nianze kupaka, jina lake lilikuwa kijani,
lita kumi na mbili, kumi na mbili,
hata wiki ile ng'ombe wake alipougua kwato.
Aliitazama skrini
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni,
akakaza kifuniko,
akainua dumu taratibu,
ukungu ukampokea kabla zamu yake haijafika.

Kosa nililiziba kabla ya chai.
Bano, mkwaju, neno, bano.
Kisha, kwa ajili ya Anyosisye,
kila kilichokataliwa nikakitilia alama ya mkasi mbele
na herufi nzito, zionekane hata gizani.
Akaangalia, akasema, "Sasa umeandika."

Kesho yake Mwakipesile alirudi na dumu dogo zaidi.
Lita tisa. Kipimo kikaelea pale kinapotakiwa,
malai yakashika ukuta wa ndoo.
Jina lake likatoka kijani,
na mstari uliofuata ukaanza mweupe.

Alisubiri wenzake wapungue.
Akasogea dirishani, akashusha sauti:
"Binti, ile mashine ilijuaje?"

Jibu nilikuwa nalo.
Lingetosha kwenye ncha ya kucha.
Nikamwandikia risiti, nikamwambia,
"Ndaga, tata. Kesho tena."