Ripoti ya Fundi, Ghorofa ya Tatu

Nimeitwa kwa sababu bili imepanda.
"Mashine zinakunywa umeme," kasema mhasibu,
kana kwamba mashine zina koo.

Nimepanda ngazi na ngazi yangu begani.
Nimefungua vifuniko, nimepuliza vumbi la Kondele,
nimepima gesi, nimesikiliza feni
kama daktari asikilizavyo kifua.
Zima. Zima kuliko mimi.

Basi nikakunja mikono, nikawatazama watu.

Bwana Ogalo huja na koti la sufu,
saa tatu asubuhi ameshalowa kwapa,
anashika rimoti: kumi na sita.
Hatua tatu kutoka kwake, Nasimiyu
amejitanda leso juu ya sweta.
Haombi. Kandarasi yake ni ya miezi mitatu.
Anafungua dirisha nyuma yake, upana wa kidole,
aote joto la barabarani.
Joto linaingia.
Kiyoyozi kinalisikia, kinakaza msuli.
Ogalo naye analisikia, anabonyeza tena.
Nasimiyu anaongeza kidole cha pili.

Siku nzima. Na hawajasemezana
zaidi ya habari za asubuhi.

Masijala wameziba tundu la hewa kwa katoni,
bado imeandikwa SABUNI YA MCHE.
Chumba cha mikutano ndicho kilichonimaliza:
viti kumi na viwili vinapozwa tangu Ijumaa,
na leo ni Jumanne.
Ubaoni, mwandiko wa bosi,
KUBANA MATUMIZI,
mistari miwili chini yake.

Alasiri upepo wa ziwani umepanda kutoka Dunga,
bure, hauna rimoti,
ukagonga vioo upande wa magharibi.
Vioo vyote komeo. Ukapita zake.

Fomu inasema, Hitilafu. Nimejaza: hakuna.
Fomu inasema, Ushauri. Mstari mmoja tu.
Niandike nini? Ogalo avue koti?
Nasimiyu afungue mdomo badala ya dirisha?
Nimeandika: machujio yamesafishwa.

Na niseme kweli, kwa kuwa haimo kwenye fomu:
mstari huo mmoja nimeuandikia
kwenye kiti cha kumi na mbili,
mlango nimeurudisha,
saa nzima,
shati likinikauka mgongoni polepole.

Sasa niko ngazini, ngazi begani,
jua linanisubiri mlangoni,
na siwezi kukumbuka kama nilizima.