Ndimu Nyeusi

Sista Bindu wa zahanati ya Barka
alifunga ule mkanda mkononi mwa Zahran,
akabinya kipira, akatazama, akabinya tena,
akasema kwa Kiarabu chake cha Kerala:
Baba, chumvi basi.

Nikacheka mie, peke yangu.
Kwetu aliyekula chumvi nyingi
huamkiwa kwanza, hupishwa kiti.
Nilitaka kumweleza, lugha ikanikatalia.
Mzaha mwingine hauvuki,
unabaki mlangoni pamoja na viatu.

Zahran hakucheka.
Huyu ni mtu aliyelelewa kwa ng'onda za Wete,
anayeonja mchuzi kwa kidole kabla hajaniamkia,
anayetia chumvi kwenye embe, kwenye tikiti,
na kwenye kila habari anayoisimulia:
nguru wa mita moja
akifika mdomoni mwake ni wa mita tatu.

Wiki ya kwanza nilimpikia samaki wa kuchemsha.
Mweupe. Kimya.
Alimgeuza kwa uma, upande huu, upande ule,
akaniuliza, Ghania,
huyu amekufa mara ngapi?
Akala mkate, akaenda kulala.

Ijumaa nikenda sokoni.
Sikuandika karatasi, nilifuata pua:
ndimu zilizoanikwa hadi zikawa nyeusi,
nyepesi, ukizitikisa zinanong'ona;
uzile, giligilani,
siki ya tende ndani ya chupa iliyokuwa ya marashi,
tangawizi ikiwa bado na udongo masikioni.
Dadkarim, yule Mbulushi mwenye duka la pembeni,
akanishika mkono wa maneno:
ndimu usiipasue, mama. Itoboe.
Iache iseme polepole.

Nyumbani nilikaanga uzile mkavu, bila mafuta,
hadi jirani akakohoa nyuma ya ukuta.
Nikatwanga.
Nikampaka nguru thomu na pilipili manga
na ukwaju nilioukamua kwa vidole,
nikatoboa ndimu mbili kwa ncha ya kisu,
nikazitumbukiza sufuriani,
zikaelea kama macho yaliyokataa kufumba.
Kisha chatini: kotmiri, nanaa, nazi kidogo,
pilipili mbichi moja.
Mbili. Nani anahesabu.

Alikula.
Zahran hasifu chakula, humaliza.
Akaifyonza ile ndimu, akakunja uso,
akafungua jicho moja:
Umetia chumvi.
Sikujibu.
Nilikuwa na tonge mdomoni.

Barazani akawaambia wenzake
daktari amemkataza kila kitu, hata maji,
na kwamba nguru wa jana alikuwa wa mita nne.
Nikamwachia. Hiyo haipandishi presha,
labda yangu.

Lakini mume huyu ninaye miaka thelathini na sita.
Mwezi wa nane, nikitafuta kadi ya gari,
nilifungua dashibodi,
na chini ya miwani, tasbihi, risiti za kuoshea gari,
nikakuta pakiti ya chumvi.
Imekatwa pembe.

Nikaona sinema nzima:
kivuli cha mkahawa wa chai, mayai ya kuchemsha mfukoni,
mtu mzima wa miaka sitini na nane
anajinyunyizia huku akitazama kioo cha nyuma.
Hasira ikapanda, kicheko kikapanda,
vikakutana kooni, vikakosa kupishana.

Nikaitikisa.
Kimya.
Unyevu wa Barka ulikuwa umeigandisha,
jiwe moja toka juu hadi chini,
hata ncha ya ufunguo haikuingia.
Haikuguswa, nadhani, tangu kabla joto halijaanza.

Nikairudisha palepale,
nikailalia miwani juu yake kama nilivyoikuta.

Jioni akachungulia jikoni,
Leo kuna nini?
Kunde, nikasema.
Akasimama kidogo, mkono kwenye mlango.
Zile ndimu, akauliza, bado zipo?